Ofisi Mpya Ielekee Upepo Kabla ya Kununuliwa Viyoyozi

Mwezi uliopita niliketi katika kikao cha kamati ya ujenzi ya jumuiya moja hapa Mombasa. Jina lake nitalihifadhi kwa sababu mambo ya kamati ni amana, lakini jumuiya za aina hii mnazijua. Zinawalipia mayatima karo, zinawazika maiti wasio na jamaa, na Ramadhani ikifika zinagawa futari. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipanga nyumba ambayo dari yake huvuja kila masika. Sasa, alhamdulillahi, kiwanja kimepatikana, futi 50 kwa 100, na michango ya wanachama imefikia kiasi cha kuanza msingi. Mezani palikuwa na mchoro.

Mchoro ulipendeza. Ghorofa tatu, uso wa mbele vioo vya buluu kutoka chini hadi juu, mlango unaofunguka wenyewe, na viyoyozi 20 vilivyopangwa kila chumba na chake. Juu ya paa palichorwa paneli kadhaa za sola. Aliyeuleta akatuambia kwamba hili ni jengo la kijani, rafiki wa mazingira. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Nami sikufichi, ndugu msomaji: nilinyanyua mkono.

Nilijuta alasiri ya siku ya pili yake, nikiwa kazini kwangu. Ofisi yangu ina ukuta wa vioo upande wa machweo. Nimekaa humo miaka 11. Ikifika saa nane mchana, jua linapoanza kutuingilia, kila mmoja wetu huteremsha pazia. Pazia likishuka giza linaingia, basi tunawasha taa. Vioo vile vinaota moto mpaka huwezi kuvigusa, na kiyoyozi kinanguruma hadi jioni bila kuushinda joto ule. Kwa hivyo tumelipia vioo ili tuone nje, tukalipia mapazia ili tusione nje, tukalipia taa mchana kweupe, kisha tukalipia kiyoyozi kiondoe joto lililoletwa na vioo vyenyewe. Mchoro nilioupigia kura ulikuwa na vioo upande uo huo wa machweo, kwa sababu huko ndiko kuliko na barabara.

Hapo nikakumbuka kwamba mimi nimesomea uhasibu, ingawa ni diploma tu, na kwamba kwenye kikao kile hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hesabu.

Hesabu ambayo hatukuipiga

Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja hula karibu kilowati moja kinapofanya kazi. Viyoyozi 20 kwa saa nane kwa siku, siku 24 za kazi kwa mwezi, ni uniti 3,840. Havifanyi kazi mfululizo, hupumzika chumba kikishapoa, basi tuchukue thuluthi mbili tu: uniti 2,560. Kwa hesabu nyepesi ya shilingi 25 kwa uniti, hiyo ni shilingi 64,000 kila mwezi. Bado hujawasha taa wala kompyuta.

Tuchukue upande wa pili. Tuseme jengo limepangwa vizuri, upepo unapita, kivuli kipo, na vyumba vinatumia feni za darini. Feni moja hula wati 70 hivi. Feni 30 kwa pamoja ni wati 2,100, yaani stima ya viyoyozi viwili. Ukizitumia saa zile zile ni uniti 403 kwa mwezi, karibu shilingi 10,000. Ongeza viyoyozi vinne kwa mahali panapovihitaji kweli, kama chumba cha mitambo ya kompyuta na ukumbi wa mikutano miezi ya joto kali. Hivyo ni shilingi 12,800. Jumla inakuwa chini ya shilingi 23,000.

Tofauti ni shilingi 41,000 kwa mwezi, karibu shilingi 490,000 kwa mwaka. Karo rasmi iliyowekwa na serikali kwa shule ya bweni ya kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa jumuiya yetu, basi, uamuzi wa vioo na viyoyozi ni sawa na kuwatoa shule mayatima tisa kila mwaka, kwa muda wote jengo litakaposimama. Hakuna mwanachama atakayenyanyua mkono kuunga mkono hilo akiulizwa waziwazi. Lakini ndilo tulilolipigia kura, kwa sababu lilikuja limevishwa vioo vya buluu.

Kuna watakaosema kwamba stima ya Kenya ni safi, kwani karibu sehemu tisa kwa kumi hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini sisi wa Mombasa tunaijua mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai. Mitambo ya namna hiyo huwashwa pale mahitaji yanapopanda na vyanzo safi visitoshe. Kila mzigo usio wa lazima tunaouongeza kwenye gridi unaisogeza siku ya kuizima mitambo hiyo mbali zaidi. Isitoshe, kiyoyozi kina gesi ndani yake ambayo ikivuja huongeza joto la dunia mara nyingi kuliko hewa ya kaboni. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi hizo.

Jua, upepo na kibla

Jengo rafiki wa mazingira linaanza chini, kwenye kiwanja, kabla ya kufikiria paneli za paani. Swali la kwanza si litatumia mashine gani. Ni litaelekea wapi.

Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Jua letu la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima. Kati ya Aprili na Septemba huelemea kaskazini kidogo, na kuanzia Oktoba hadi Februari huelemea kusini. Kwa kuwa liko juu sana, upenu wa mita moja au moja na nusu hulizuia lisiingie madirishani kwa sehemu kubwa ya saa za kazi. Adui ni jua la asubuhi na la alasiri. Hilo huja chini chini, likapenya chini ya upenu wowote utakaoujenga. Kwa hivyo nyumba ya Pwani inatakiwa iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake makubwa yatazame kaskazini na kusini, na ncha zake mbili za mashariki na magharibi ziwe na kuta nzito zenye ngazi, vyoo na stoo. Wanaokaa hapo hawakai muda mrefu, basi joto likiwagonga halina hasara.

Mpangilio huo huo ndio unaotaka upepo. Kusi hutujia kutoka kusini mashariki, kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Jengo lenye matundu pande hizi mbili, na lisilozidi upana wa mita 12 hivi, hupitisha upepo misimu yote miwili. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu ni kama chupa. Upepo hauingii mahali usipoweza kutoka.

Na sisi Waislamu wa Mombasa tuna dalili nyingine ambayo sijui vipi tuliisahau. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na ushei. Kibla chetu, kwa hivyo, kiko kaskazini moja kwa moja. Ukilipanga jengo ili chumba chake cha kuswalia kikae sawa na kibla bila kupinda safu, umeshalipanga sawa na jua na upepo. Mchoro wetu ulikuwa na chumba cha swala kilichobanwa pembeni ya ngazi, safu zimekatwa mshazari. Hilo peke yake lingetosha kutuambia kwamba aliyechora hakuanza na mahali petu.

Kiwanja chetu kwa bahati nzuri kinakwenda mashariki magharibi, upana wake umeangalia barabara. Majirani wa pande mbili wana nyumba za ghorofa moja. Leo upepo tunao, lakini kesho nao watajenga kwenda juu, ni haki yao. Kwa hivyo tusitegemee madirisha ya ubavuni peke yake. Katikati ya jengo tuache kiwanda kilicho wazi juu, kama kile cha nyumba za Lamu, ambacho hewa ya moto itapanda na kutokea, na mwangaza utashuka hadi ghorofa ya chini. Tutapoteza vyumba viwili au vitatu. Lakini hakuna jirani atakayeweza kuuziba uwanja ulio ndani ya nyumba yetu.

Wazee walijua nini

Nikitaja Lamu najua wapo watakaoguna kwamba narudi kwenye hadithi za mababu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na tangu hapo tumezoea kuutazama kama kitu cha watalii. Mimi nautazama kama daftari la hesabu. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewesha joto la mchana lisifike ndani. Vichochoro vyembamba vinazifanya nyumba zitiliane kivuli. Daka la mlangoni ni kivuli cha mgeni na ni mapokezi. Kiwanda huleta mwangaza bila kuleta jua la moja kwa moja chumbani. Hata wakoloni walipojenga ofisi zao pale Treasury Square, waliweka varanda na kuta nene, kwa sababu hawakuwa na kiyoyozi cha kuficha makosa ya fundi.

Lakini hapa nataka tuwe waangalifu. Kurudi kwenye asili hakuna maana ya kurudi kwenye vifaa vile vile. Boriti za zamani zilikuwa za mikoko, na mikoko ndiyo kinga ya fuo zetu na malezi ya samaki. Marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilipowagusa wakataji wa Lamu tuliona jinsi riziki na msitu vilivyofungamana. Hatuwezi kukata mikoko ili ofisi ipendeze machoni. Wala mawe yasichimbwe kwenye miamba hai ya baharini, ambako samaki huzaliana. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu yanapatikana machimboni Kilifi na Kwale. Ni ya karibu, mafundi wetu wanayajua, na hayahitaji kuchomwa kwenye tanuri kama saruji.

Saruji nayo tuizungumze, maana Pwani ina historia nayo. Kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikitoa saruji tangu miaka ya 1950, na kimewalisha watu wengi wa hapa. Duniani kote, utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za wanadamu. Sisemi tusitumie saruji. Ghorofa tatu zinahitaji nguzo na slebu imara, na uhai wa watu hauchezewi. Nasema tusiitumie pale ambapo jiwe na chokaa vingetosha, na pale tunapoitumia tuulizie ile iliyochanganywa na majivu ya volkano, kwa kazi inayoiruhusu na kwa ushauri wa mhandisi. Na tukichimba mawe tukumbuke mashimo tunayoyaacha nyuma. Bustani ya Haller pale Bamburi ilikuwa machimbo makavu kabla ya mivinje kuanza kupandwa mwaka 1971. Leo ni msitu. Shimo hutibika, ila kwa gharama na subira, na ni lazima awepo wa kulitibu.

Tusiige Nairobi wala Dubai

Watu wakizungumzia ofisi za kijani nchini Kenya, mfano wa kwanza huwa ofisi mpya ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2011 na Katibu Mkuu Ban Ki-moon pamoja na Rais Mwai Kibaki. Ilijengwa kwa wafanyakazi 1,200. Katikati ina uwazi unaoleta mwangaza na kupandisha hewa, paani ina takriban mita mraba 6,000 za paneli za sola, na maji ya mvua yanayoshuka kutoka paani hukusanywa. Mfano mwingine ni jengo la Eastgate mjini Harare, la mwaka 1996, ambalo msanifu wake Mick Pearce alijifunza kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Usiku jengo huvuta hewa baridi, kuta zake zikaihifadhi baridi ile, na mchana zikaitoa polepole. Halina kiyoyozi cha kawaida.

Ni majengo ya kujifunza kwayo, lakini tusiyanakili. Nairobi iko juu takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Harare iko karibu mita 1,500. Usiku wao hupoa. Usiku wetu wa Machi haupoi. Ukuta mzito wa Mombasa husaidia mchana, lakini hauwezi kuhifadhi baridi ambayo usiku haukuileta. Isitoshe, hewa yetu ina unyevu, jasho halikauki upesi, na dawa ya jasho ni upepo unaogusa ngozi. Kwa hiyo somo la Gigiri na Harare ni hili: kila mmoja alianza na hali ya hewa ya kwake. Nasi tukianza na ya kwetu tutapata kivuli kipana, matundu mengi, na feni.

Kuhusu Dubai, nafahamu mvuto wake. Ndugu zetu wengi wamefanya kazi Ghuba, wakarudi na picha za minara ya vioo, na baadhi ya michango ya jengo letu imetoka kwao, Mungu awabariki. Lakini hata Dubai yenyewe, ukitembea mtaa wake wa kale wa Al Fahidi, utaona nyumba zenye minara ya kunasa upepo na kuuteremsha ndani. Vioo vilikuja baada ya mafuta. Sisi mafuta hatuna. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa siku hizi huja na bili kila mwisho wa mwezi.

Maji ya paani

Mwenye nyumba Mombasa hahitaji kuhubiriwa juu ya maji. Ya mfereji huja kwa zamu, ya kisima yana chumvi, na lori la maji lina bei yake. Lakini mchoro wetu ulielekeza maji ya mvua ya paani barabarani.

Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na miaka mingi huzidi hapo. Paa la mita mraba 300 lingepokea lita 300,000. Tutoe humo moja kwa tano kwa yale yanayopotea, zinabaki lita 240,000, sawa na malori 24 ya lita 10,000. Wafanyakazi 25 wakitumia lita 30 kila mmoja kwa siku 288 za kazi wanahitaji lita 216,000. Kwa makaratasi yanatosha. Kwa vitendo, mvua nyingi hushuka miezi ya masika, basi bila birika kubwa chini ya ardhi tutayaona yakipita. Wareno waliokaa Fort Jesus walijenga birika la mvua, na misikiti yetu ya kale ilikuwa na mabirika yake. Birika lichimbwe pamoja na msingi, kwa sababu kulichimba baadaye, jengo likishasimama, ni kazi maradufu.

Maji ya udhu nayo yatengwe na ya choo. Ni maji yaliyopita kwenye mikono na miguu tu, hayana uchafu wa kutisha. Yakipelekwa kwenye bomba lake yanaweza kumwagilia mti au kusafisha choo. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba israfu ya maji ni kosa hata kwa mtu anayetawadha kando ya mto. Itakuwa ajabu jumuiya inayofundisha hayo ikajenga ofisi inayomwaga maji ya udhu kwenye shimo la choo.

Hoja za wanaopinga

Nilipopeleka hoja hizi kwa wenzangu nilijibiwa, na majibu mengine yalikuwa na uzito.

Wa kwanza alisema madirisha wazi ni mwaliko wa wezi. Kweli. Lakini usalama huletwa na nondo, na juu ya milango na madirisha tunaweza kuweka matundu ya kudumu yenye wavu wa mbu, ambayo mtu hapiti ila hewa inapita usiku na mchana. Wa pili akataja kelele za matatu na tuktuk na vumbi la barabara. Hilo ni sababu nyingine ya kuweka ngazi na stoo upande wa barabara, na meza za kazi upande wa ndani. Wa tatu, mzee ninayemheshimu sana, alisema ofisi isiyo na vioo itaonekana ya kimaskini, na mfadhili hataingia. Nilimjibu, "Mzee wangu, mfadhili atakayeona hesabu ya stima ataheshimu zaidi." Alicheka, hakukubali, na sikumlaumu. Miaka mingi tumedharauliwa kwamba Pwani haina maendeleo, na vioo vimekuwa njia ya kujibu.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya gharama. Kiwanda, upenu, birika na kuta nene ni pesa za mwanzo, na sisi tuna mfuko wenye mwisho. Kweli tena. Ila ukuta wa vioo na fremu zake za alumini si rahisi, na viyoyozi 16 tutakavyoviacha pia vina bei ya kununua, ya kufunga na ya kubadilisha. Hewa yetu ya chumvi hutafuna chuma, na kiyoyozi kilichofungwa nje kikiangalia bahari hakidumu kama kilicho bara. Tuvipange vyote mezani, bei ya kujenga pamoja na bei ya kuendesha miaka 30, ndipo tuamue. Rahisi mara nyingi huwa ghali.

Na paneli za sola? Nazitaka, lakini zije mwisho. Ofisi hufanya kazi mchana, wakati ule ule jua linapotoa stima, hivyo hatuhitaji betri kubwa. Lakini paneli zilizowekwa juu ya jengo linalowaka moto zinafanya kazi ya kupoza makosa. Punguza mzigo kwanza, kisha paneli chache zitatosha. Paa nalo lipakwe rangi nyeupe, na chini yake paachwe nafasi ya hewa kupita, kwa sababu jua la utosini hugonga paa kuliko ukuta wowote.

Kabla ya kutia sahihi

Mjadala huu hauihusu jumuiya moja. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zetu sita za Pwani zimekuwa zikijenga ofisi, na vyama vya akiba, shule na misikiti navyo vinajenga. Kila mjengo hupitia vibali, pamoja na cha NEMA chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Vibali ni lazima, na anayevikwepa anacheza na maisha ya watu. Lakini kibali hakimwambii mwenye jengo lake lielekee wapi, wala hakimlipii bili ya stima. Hilo ni jukumu la wanaochanga, na pale kwenye kaunti wanaochanga ni sisi walipa kodi.

Kwa hivyo nawaomba walio kwenye kamati kama yangu wamuulize msanifu maswali matano kabla ya kutia sahihi. Jua la alasiri linagonga ukuta gani, na nani ameketi nyuma yake? Upepo wa kusi unaingilia wapi na kutokea wapi? Stima ikikatika saa nane mchana mwezi wa Machi, watu wataweza kuendelea kufanya kazi humo? Maji ya paani yanakwenda wapi? Na je, ameandika bili ya mwezi kando ya bei ya kujenga? Msanifu mzuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika, mmeokoa pesa.

Pia msione haya kuuliza swali la kabla ya yote: je, jengo jipya linahitajika? Wapo walio na nyumba ya zamani yenye kuta nzuri inayohitaji paa na madirisha tu. Saruji isiyomwagwa ndiyo isiyochafua hewa. Sisi tuliliuliza tukajibu ndiyo, kwa sababu nyumba si yetu na mwenyewe anaitaka. Wengine huenda wakajibu vingine.

Mkutano wetu mkuu ni mwezi ujao. Nimeandika barua ya kuondoa kura yangu, na nimeambatisha karatasi moja ya hesabu, hizi hizi mlizozisoma. Sijui kama nitashinda. Vioo vya buluu vina wapenzi wengi, na mchoro umeshabandikwa ukutani pale ofisini, chini kidogo ya mahali dari inapovuja. Kando yake pamebandikwa orodha ya mayatima wanaosubiri kulipiwa karo Januari. Nimeomba karatasi yangu ibandikwe katikati ya hizo mbili, kila mwanachama aisome kabla ya kunyanyua mkono.